Umeme wa upepo: bei nafuu yataka pia haki ya ardhi

Upepo haununuliwi, lakini umeme wake una gharama: mitambo, barabara, nyaya, na riba ya fedha zinazokopwa kwa ujenzi. Watafiti wanatafuta jinsi ya kupunguza gharama hizo, ili umeme huo ushindane na ule wa dizeli, gesi na makaa ya mawe. Wanakazia hasa mambo manne.

1. Kupima upepo. Kasi ya upepo ikiwa mara 2, nguvu yake huwa mara 8. Kwa hiyo kukosea mahali pa kujenga ni hasara ya miaka mingi.

2. Kuboresha mitambo. Mapanga yakirefushwa mara 2, eneo yanalozungukia huwa mara 4. Mwaka 1991, huko Vindeby, Denmark, kila mtambo wa baharini ulitoa kilowati 450. Leo iko inayopita kilowati 10,000.

3. Nyaya na akiba. Upepo hauvumi saa zote, hivyo zahitajika betri na nyaya za kuunganisha sehemu mbalimbali. Kenya, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 yenye megawati 310 ilikuwa tayari mwaka 2017. Lakini nyaya za zaidi ya kilomita 400 zilikamilika mwaka 2018. Mitambo ilisimama bure, na serikali ikatozwa fidia.

4. Kukubaliana na wenyeji. Kwa ajili ya mradi huohuo kijiji cha Sarima kilihamishwa. Wenyeji walishitaki, na mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hazikutolewa kwa kufuata sheria. Kesi ya namna hiyo hutia hofu wenye kukopesha fedha, na hurudisha uhasama kati ya majirani.

Jambo hili la nne latuhusu sana. Jamaa iliyokimbia vita haiko nyumbani wakati shamba lake linapopimwa. Viongozi, mradi wowote ukija, uwe wa upepo, wa maji au wa barabara, ulizeni kabla ya kutia sahihi: Ardhi hii ni ya nani? Je, waliokimbia wameulizwa, wanawake na vijana pia? Fidia italipwa kwa nani, na lini? Je, kijiji kitapata umeme, au nyaya zitapita juu tu? Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya watu wote, na nakala ibaki kijijini.