Kabla ya Kupanda Milima ya Loima: Maji, Wakati na Ruhusa

Milima ya Loima, iliyo magharibi mwa Lodwar kuelekea mpaka wa Uganda, inazidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Lodwar uko karibu mita 500. Anayepanda huacha uwanda wa migunga na mathenge, akaingia kwenye msitu wa mitarakwa na ukungu, kisha akautazama uwanda huo kutoka juu. Tofauti hiyo ya mwinuko ndiyo raha ya safari, na ndiyo hatari yake pia.

Kwa nini juu kuna baridi

Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Siku ambayo Lodwar ni nyuzi 36, kileleni huenda ikawa 27. Hewa inaposukumwa juu ya mlima hupoa, ikafanya mawingu na mvua. Ndiyo maana Loima ina msitu, ilhali Lodwar hupata milimita 200 hivi za mvua kwa mwaka.

Maji ya kurudi

Kwenye ubaridi wa juu, kiu hupungua na mtu husahau kuwa bado atashuka. Hapo ndipo hatari ilipo: anayeshuka mchana hutoka kwenye ubaridi akaingia kwenye joto kali, huku miguu imechoka na chupa zimeisha. Anayetembea juani anaweza kupoteza lita 1 ya jasho kwa saa. Kwa hivyo kila msafiri ahakikishe kuwa nusu ya maji yake bado ipo anapogeuka kurudi. Abebe pia pakiti za ORS, kwa kuwa jasho hutoka na chumvi.

Kichwa kuuma, kizunguzungu na mkojo wa rangi ya chai ni dalili za kupungukiwa na maji. Aliyechanganyikiwa au kuzirai awekwe kivulini, amwagiwe maji na kupepewa, na apelekwe kituo cha afya haraka. Asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu.

Wakati na laga

Safari ianze alfajiri. Kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana ni wakati wa kupumzika kivulini. Asiyeweza kushuka kabla ya giza apange mapema kulala juu, akiwa na blanketi.

Mvua inaweza kunyesha mlimani huku chini jua likiwaka. Wakazi wa Kakuma wanaujua mto Tarach: mchanga mkavu asubuhi, mafuriko jioni. Laga zote ni hivyo. Hakuna kulala ndani ya laga, wala kuvuka maji yanayokwenda kasi.

Ruhusa na heshima

Kabla ya kuondoka, wasafiri wamjulishe chifu wa eneo na kituo cha polisi kilicho karibu, waulize hali ya usalama mpakani, na waende na mwenyeji anayezijua njia. Wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei wanahitaji kibali cha kusafiri kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi.

Loima ni kimbilio la wafugaji wakati wa kiangazi. Moto mmoja ulioachwa bila kuzimwa unaweza kuteketeza malisho ambayo mifugo ingetegemea wakati uwanda umekauka. Visima na mabwawa yaachiwe mifugo na wenyewe. Wageni waombe kwanza. Takataka zirudishwe mjini.

Pa kuanzia

Asiyewahi kupanda ajipime kwanza kwenye kilima cha sanamu ya Kristo mjini Lodwar, asubuhi, akiwa amebeba mzigo na maji atakayobeba Loima. Akichoka hapo, nyumbani si mbali. Kwa dharura, piga simu 999 au 112. Lakini mtandao wa simu hukatika milimani, hivyo mwachie mtu nyumbani jina la njia na saa ya kurudi.