Mkate kiporo una kazi yake, wenye ukungu hauna

NUSU mkate umebaki mezani tangu juzi. Mama anaufinya, anaona umekuwa mgumu. Mtoto wa darasa la pili anausukuma pembeni akidai mkate mpya. Katika nyumba nyingi safari ya mkate huo huishia kwenye ndoo ya taka au banda la kuku.

Kuna nyumba nyingine zinazofanya kinyume chake. Mkate hata ukishaota vidoa vya kijani, pembe iliyoharibika inakatwa, kinachobaki kinapitishwa motoni na watoto wanapewa na chai yao ya asubuhi.

Nyumba zote mbili zinakosea, na ile ya pili ndiyo inayocheza na afya ya watoto.

Wanaojua kuutumia mkate mkavu kuliko wengi ni watu wa Toscana, eneo la Italia ya kati lenye mji wa Florence. Mkate wa asili wa huko una ganda gumu na hautiwi chumvi, na familia za mashambani zilizoea kuoka mikate ya siku kadhaa kwa mara moja. Kwa hiyo mkate kiporo ulikuwa jambo la kila wiki, na mapishi yakazaliwa humo.

Hulowekwa, hukamuliwa na kuchanganywa na nyanya, vitunguu na siki. Hicho ni chakula cha baridi kiitwacho panzanella, ambacho mtu wa pwani angekiita kachumbari yenye mkate ndani. Hurudishwa jikoni pamoja na maharage na mboga za majani na kuwa ribollita, jina lenye maana ya “iliyochemshwa tena”. Na hukatwa vipande vidogo, vikabanikwa na kupakwa kitu juu. Hivyo vya mwisho ndivyo crostini, na kwa mzazi mwenye haraka ndivyo rahisi kuliko vyote.

Watu wengi huchanganya crostini na bruschetta. Bruschetta ni kipande kikubwa na kinene, kinachosuguliwa kitunguu saumu kingali cha moto, kisha kinamiminiwa mafuta ya zeituni. Nyanya zilizokatwakatwa ni nyongeza tu. Crostini ni vyembamba, vya kuuma mara mbili au tatu, na ndiyo maana vinafaa mikono ya watoto.

Namna ya kuchoma

Boflo au mkate mwingine wenye ganda hufaa zaidi kuliko slesi laini za dukani. Kama zipo slesi tu, ziachwe nje saa moja au mbili zikiwa zimefunikwa kawa, zipungue unyevu. Unene wa sentimita moja unatosha.

Kwenye jiko la mkaa, subiri makaa yavae majivu meupe ndipo uweke wavu. Mwali wa moto huunguza nje na kuacha ndani kubichi. Kikaango kikavu kwenye moto mdogo nacho kinafanya kazi nzuri. Wenye oveni waweke nyuzi 180 kwa dakika kama 10, wageuze mara moja katikati.

Kitunguu saumu kisuguliwe mara moja tu kwa vipande vya watoto. Uso wa mkate uliochomwa hukwaruza kama mbuzi ya kukunia nazi, na ukisugua mara tatu mdogo atalia.

Kosa linaloharibu crostini nyingi ni kupaka mapema. Nyanya zikikaa juu ya mkate dakika 20, kinacholetwa mezani ni mkate ulioloa. Weka bakuli katikati, kila mtu apake chake wakati wa kula. Hata mtoto anayekataa mboga huwa mwepesi kula alichokipaka mwenyewe.

Maini ya kuku

Crostini inayojulikana zaidi Toscana hupakwa maini ya kuku. Kwa robo kilo ya maini, kaanga kitunguu maji kimoja kwa mafuta kidogo mpaka kilainike bila kubadilika rangi. Tia maini yaliyosafishwa na kutolewa nyongo, yapike mpaka ukikata pande kubwa huoni wekundu wowote katikati. Hapo hakuna mjadala, kwa kuwa maini mabichi ya kuku hubeba vijidudu vya kuharisha.

Waitaliano hutia divai, lakini ndimu na vijiko viwili vya maji vinatosha. Huongeza pia samaki wadogo wa chumvi, ambao ni jamii moja na dagaa mchele wa Zanzibar, kwa hiyo kijiko cha dagaa waliokaangwa na kusagwa hakitakuwa kigeni sana. Ponda vyote kwa mwiko au kinu, onja chumvi, upake.

Maini yana madini ya chuma ambayo watoto wengi huyahitaji, ila yana vitamini A nyingi mno. Kwa watoto iwe ni chakula cha siku mojamoja, na mama mjamzito ni bora apake kitu kingine: parachichi lenye ndimu, au maharage ya jana yaliyopondwa na kitunguu.

Ugumu si ubovu

Mkate haugeuki mgumu kwa kupoteza maji tu. Wanga uliolainika kwenye oveni hujipanga upya na kukaza kadiri siku zinavyopita, ndiyo sababu hata uliofungwa vizuri hukaza. Moto huulegeza tena kwa muda, na tosti ikipoa hukaza zaidi ya mwanzo. Friji huharakisha ugumu huo. Friza huusimamisha, kwa hiyo mkate uliozidi ukatwe, ufungwe na ugandishwe siku hiyohiyo uliponunuliwa. Slesi iliyoganda inaweza kwenda motoni moja kwa moja.

Ukungu ni habari nyingine kabisa. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, mkate uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki mara nyingi huota ukungu kabla ya kukauka. Kile kidoa cha kijani au cheusi ni sehemu tu ya kuvu inayoonekana. Nyuzi zake huwa zimepenya ndani ya mkate, ambao ni laini na wenye matundu. Kukata pembe hakuziondoi.

Moto huua kuvu yenyewe, lakini baadhi ya sumu ambazo kuvu huzitengeneza hazivunjiki kwa joto la jikoni. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walifariki kutokana na mahindi yenye sumukuvu. Mahindi hayo yalipikwa kama chakula cha kila siku, na kupikwa hakukusaidia. Kuvu ya mkate si lazima iwe ileile ya mahindi, lakini hakuna mzazi anayeweza kuzitofautisha kwa macho. Mkate wenye ukungu utupwe wote, bila kuunusa, na usipewe kuku pia.

Lipo na suala la rangi. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walionyesha kuwa vyakula vya wanga vikipata joto kali hutengeneza akrilamaidi, kemikali iliyoleta saratani kwa wanyama wa maabara. Kwa binadamu ushahidi bado haujatosha, lakini mamlaka ya chakula ya Uingereza ilianza mwaka 2017 kuwahimiza watu wachome mkate uishie kwenye rangi ya dhahabu. Tosti nyeusi ikwanguliwe, au iachwe.

Na yale makombo na ncha za mkate ambazo hakuna anayezitaka? Yaanikwe kwenye sinia mpaka yawe makavu kabisa, yatwangwe, yahifadhiwe kwenye chupa yenye kifuniko. Siku ya samaki, vipande vikichovywa kwenye yai na kugaragazwa humo kabla ya kukaangwa, watoto watagombania ganda.