Je, Wajua? Jina la Mtoto Nalo Huibwa

Je, wajua kwamba karatasi anayopewa mama akitoka maternite si hati ya kuzaliwa? Inathibitisha tu kwamba mtoto kazaliwa pale, siku fulani, na mama fulani. Hati yenyewe hutolewa na ofisi ya etasivili ya komini, na Kisangani ina komini sita: Makiso, Tshopo, Kabondo, Mangobo, Lubunga na Kisangani yenyewe. Sheria ya Familia ya Kongo, kama ilivyorekebishwa Julai 2016, inampa mzazi siku 90 za kwenda kuandikisha bila malipo. Wengi huikunja ile karatasi ya maternite, wakaitia katika sanduku la nguo na kuhesabu kazi imekwisha. Utafiti wa kitaifa wa 2017-2018 ulikuta watoto 40 tu katika kila 100 walio chini ya miaka mitano ndio walioandikishwa. Hao 60 waliobaki, yeyote atakayetangulia kuwatengenezea karatasi ndiye atakayeamua wanaitwa nani na wana miaka mingapi.

Je, wajua kwamba mwaka 2018 tume ya uchaguzi ya Kongo, CENI, ilifuta majina 902,290 ya watoto katika daftari la wapiga kura? Si kwamba watoto hao walikuwa na hamu ya kupiga kura. Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha watu nchini. Kadi ya taifa ilizinduliwa kwa shangwe Juni 2023, mkataba wake ukavunjwa Agosti 2024. Kijana wa miaka 15 anayetaka kusajili namba ya simu au kupita kizuizi cha barabarani bila kusumbuliwa huenda akajiandikisha kuwa na 18, mara nyingi mtu mzima akimsindikiza na kumwapia. Hasara huja baadaye. Sheria ya kulinda mtoto ya 10 Januari 2009 inasema ushahidi wa umri ukipungua, mtu ahesabiwe mtoto. Sasa kijana kakamatwa na mfukoni ana kadi ya serikali yenye picha na muhuri inayomwita mtu mzima. Kinga yake kaifuta mwenyewe, na aliyempeleka kujiandikisha hayupo.

Katika mpira mambo huenda kinyume: huko umri hupunguzwa. Je, wajua kwamba Mkongo aliyefunga mabao 11 katika ligi kuu ya Ujerumani msimu wa 2020-2021 alicheza kwa jina lisilo lake? Mashabiki walimjua kama Silas Wamangituka. Juni 2021 klabu yake, Stuttgart, ilitangaza kwamba yeye ni Silas Katompa Mvumpa na kwamba ana mwaka mmoja zaidi ya ulioandikwa. Alieleza kwamba alipofika Ulaya akiwa kijana, wakala wake wa zamani alimbadilishia jina na tarehe, akazishika karatasi zake na kumtia hofu asiseme. Alijitokeza mwenyewe. Shirikisho la Ujerumani lilimfungia miezi mitatu na kumtoza faini ya euro 30,000, adhabu nyepesi kwa kuwa alionekana zaidi kuwa mwathirika. Wazazi wenye vijana wanaofukuzia mpira wa kulipwa waikumbuke habari hii kila mara wakala anapoomba abaki na pasi ya mtoto.

Je, wajua kwamba tarehe 25 Septemba 2013 Kongo ilisimamisha vibali vya kuwatoa nchini watoto walioasiliwa na wageni, zuio lililodumu zaidi ya miaka miwili? Sababu mojawapo ilikuwa karatasi za kughushi. Hata hivyo, mwaka 2015 watoto kadhaa wa eneo la Gemena walichukuliwa kwa wazazi wao kwa kisingizio cha kambi ya likizo Kinshasa, wakaishia katika familia za Ubelgiji wakiwa “yatima” wenye majina mapya. Vipimo vya DNA vilionyesha baba na mama zao wako hai.

Wala mwizi si lazima awe mtu binafsi. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliitia hatiani dola ya Ubelgiji kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu: wasichana watano wa Kongo, waliozaliwa na mama Waafrika na baba Wazungu, walinyang'anywa mama zao enzi za ukoloni na kupelekwa misheni. Hukumu ilitaja pia madhara kwa utambulisho wao. Kila mmoja aliamriwa kulipwa euro 50,000, nao walikuwa wamevuka miaka 70.

Je, wajua jinsi mtoto aliyepotezana na wazazi anavyokingwa asichukuliwe na mtu baki? Mwaka 1997 wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Biaro na Kasese, kando ya reli ya Kisangani–Ubundu, walitawanyika msituni, na walionusurika wakarudishwa kwa ndege kutoka Kisangani, wakiwemo watoto wasio na mtu. Kanuni ya kazi ya kuwaunganisha na jamaa zao ni rahisi na haihitaji mashine. Mtoto huulizwa peke yake, anayejiita mzazi huulizwa peke yake, maswali yaleyale: ndugu ni nani, jirani ni nani, nyumba ilitazama wapi. Majibu yasipolingana, mtoto habanduki. Kufikia mwaka 2000 watoto wapatao 67,000 waliotenganishwa na misukosuko ya Rwanda walikuwa wamerudishwa kwa jamaa zao.

Na sasa la kwetu. Ukigundua hapa Kisangani kwamba mtu anatumia jina, hati au picha ya mwanao, kwa mfano picha ya mtoto mgonjwa inayozungushwa WhatsApp na namba ya pesa usiyoijua, chukua hatua; na kama hati ndiyo iliyoharibiwa, usikubali karani akurekebishie kwa kalamu. Kufuta na kuandika juu ni kughushi kwingine. Hati ya etasivili hurekebishwa kwa hukumu tu. Hifadhi picha za ujumbe na namba ya simu, chukua nakala ya hati komini, kisha uende kwa polisi wa kulinda watoto au parke. Kughushi maandishi kuna kifungo cha miezi sita hadi miaka mitano, na Sheria ya Dijitali ya Machi 2023 inagusa wizi unaofanyika kwa simu. Swali la mtoto ni nani na ni wa nani huamuliwa na Mahakama ya Watoto.

Waliopoteza karatasi katika vita vya Mbole na Lengola tangu 2023, nyumba zikiungua upande wa Lubunga, waanze kwa kuuliza kama daftari la komini lipo. Likiwepo, waombe nakala. Lisipokuwepo, mahakama hutoa hukumu inayoshika nafasi ya hati, ambayo watu huiita supletifu.

Mwenye mtoto mchanga ahesabu siku leo. Kama hazijafika 90, aende komini na karatasi ya maternite, asome kila herufi ya jina na tarehe kabla muhuri haujagongwa, na asimwachie mtu hati halisi.