Safari ya Moshi (2): Kimo Ndicho Kinachoamua

Wiki iliyopita tuliona jinsi setilaiti inavyoutambua moto wa nyika kwa joto lake. Leo tunaufuata moshi, na kazi hiyo ni ngumu zaidi: moto una mahali pake, moshi hauna makao.

Tuanzie kusini mwa ikweta, barani mwetu. Kila kiangazi, hasa kati ya Juni na Oktoba, nyika na miombo ya Angola, kusini mwa Kongo na Zambia huwaka. Wakulima husafisha mashamba, wafugaji hutafuta majani mabichi, wawindaji hufukuza wanyama. Moshi wa mioto hiyo husukumwa na pepo za mashariki hadi juu ya Atlantiki, na hufika hata kisiwa cha Ascension, karibu kilomita 3,000 kutoka pwani ya Angola.

Safari hiyo hufuatiliwa kwanza na Meteosat. Setilaiti hii iko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta na huzunguka sambamba na dunia, kwa hiyo haibanduki juu ya Afrika. Hupiga picha kila baada ya dakika 15 au chini ya hapo. Zikipangwa kwa mfuatano, mwendo wa moshi huonekana. Setilaiti za Terra na Aqua, zinazoruka kilomita 700 hivi tu kutoka ardhini, huonyesha mambo madogo zaidi, lakini mchana kila moja hupita mahali pamoja takriban mara moja tu.

Ugumu huanza moshi unapovuka pwani. Mbele ya Namibia na Angola, bahari hufunikwa na utando mpana wa mawingu ya chini, na moshi huelea juu yake. Picha ya kawaida huonyesha weupe uliochafuka kidogo, basi. Hapo hutumika mionzi ya urujuanimno. Hewa safi huitawanya mionzi hiyo kwa wingi, ilhali masizi huimeza, hata kama chini yake kuna wingu. Mbinu hii ilitokana na vipimo vya setilaiti ya Nimbus 7, iliyorushwa mwaka 1978. Siku hizi Sentinel-5P, iliyorushwa mwaka 2017, huitumia, na hupima pia kaboni monoksaidi, gesi ya moshi inayodumu angani kwa wiki kadhaa hata mvua ikishazisafisha chembechembe.

Lakini vipimo hivyo vyote hutazama kutoka juu, na huweza kutuambia moshi uko wapi bila kusema uko kimo gani. Kimo ndicho kinachoamua safari, kwa sababu pepo hazielekei upande mmoja. Karibu na maji ya pwani ile, upepo huvuma kutoka kusini-mashariki kuelekea ikweta. Kilomita tatu au nne juu, huvuma kutoka mashariki. Mioto miwili ya siku moja inaweza kupeleka moshi sehemu tofauti, mmoja ukipanda na mwingine ukibaki chini.

Ili kupima kimo, setilaiti ya CALIPSO ilirusha miali ya leza kuanzia mwaka 2006 hadi 2023, kama mtu apigaye ukelele mbele ya mlima na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi. Tangu mwaka 2024 kazi hiyo inafanywa na EarthCARE. NASA nayo ilipeleka ndege za utafiti Walvis Bay, Namibia, mwaka 2016, kisha São Tomé mwaka 2017 na 2018, zikapime moshi zikiwa ndani yake.

Jambo hili linawahusu hata wasiopenda sayansi. Picha ya setilaiti hujumlisha moshi wote, kuanzia ardhini hadi juu. Mji unaweza kuonekana umefunikwa, kumbe moshi uko kilomita nne juu na watu wanavuta hewa safi. Na moshi mwembamba uliotuama mitaani unaweza kudhuru zaidi. Kwa hiyo ukiona picha ya namna hiyo, uliza imepigwa saa ngapi, moshi uko kimo gani, na vipimo vya hewa ardhini vinasemaje.

Wiki ijayo: moshi ulioko juu ya mawingu huipasha dunia joto au huipoza?