Digrii ya Masomo ya Familia: Piga Hesabu Kabla ya Kulipa Karo

Umepata C+ au zaidi, na moyo wako uko kwa kazi ya watu: watoto, akina mama, familia zilizokimbia vita. Ukiishi Lodwar au Kakuma, kazi hii umeiona tangu utotoni. Magari ya mashirika yanapita, na wanaoshuka wana kitambulisho shingoni na mshahara kila mwisho wa mwezi. Kwa hivyo unawaza kusomea masomo ya familia, ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii. Ni wazo zuri. Lakini kabla mzee hajauza mbuzi, keti na familia mpige hesabu mbili: itagharimu ngapi, na italipa lini?

Gharama si karo peke yake

Chini ya mfumo ulioanza 2023, mwanafunzi anayepelekwa chuo kikuu cha umma na KUCCPS huwekwa katika moja ya makundi matano, kulingana na uwezo wa familia. Katika kundi la 1, lenye uhitaji zaidi, serikali ilipanga kufadhili 70%, mkopo wa HELB 25%, na familia 5%. Katika kundi la 5, familia inabeba 40%. Mfumo huu umepingwa mahakamani na viwango vinaweza kubadilika, kwa hivyo fuata kile kilichoandikwa kwenye akaunti yako, si maneno ya jirani.

Tuchukue mfano. Tuseme kozi ni Sh160,000 kwa mwaka na uko kundi la 1:

- Familia: Sh8,000
- Mkopo wa karo: Sh40,000
- Mkopo wa matumizi: Sh60,000

Baada ya miaka minne, familia imetoa Sh32,000 tu. Lakini wewe una deni la Sh400,000 kabla ya riba. Hapa ndipo wengi hushtuka. Zile pesa za matumizi zinazoingia si zawadi, ni deni. Riba ya HELB ni 4% kwa mwaka, yaani Sh16,000 kila mwaka juu ya deni kama hilo. Na mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, unatarajiwa kuanza kulipa.

Ongeza umbali. Chuo Kikuu cha Eldoret kina idara ya sayansi ya familia, lakini kutoka Lodwar ni zaidi ya kilomita 300. Hiyo ni nauli, kodi ya nyumba na chakula. Turkana University College iko hapa hapa Lodwar, na ukilala nyumbani unaokoa pesa nyingi. Angalia kwanza kozi zake kwenye tovuti ya KUCCPS.

Kazi zipo, lakini zimebadilika

Kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992, na kwa miaka mingi mashirika yamekuwa mwajiri mkubwa wa watu wenye masomo haya. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, chakula kilipunguzwa kambini na wafanyakazi wengi wa mashirika wakapoteza kazi. Funzo ni kwamba kazi nyingi hizi ni za mkataba. Mfadhili akiondoka, mshahara unaondoka naye.

Kwa hivyo usilenge mashirika pekee. Kuna serikali ya kaunti, idara ya watoto, shule, hospitali na makanisa. Tena, Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wenye lengo la kuunganisha huduma za wakimbizi na za wenyeji. Soma matangazo kumi ya kazi ya hivi karibuni. Yanataka digrii, au diploma inatosha? Kama diploma inatosha, unaweza kuanza nayo, ufanye kazi, kisha uongeze digrii ukiwa na kipato.

Lugha nazo ni mtaji. Anayeongea Kiturkana na Kisomali, au Kiarabu cha Juba, ana kitu ambacho cheti pekee hakimpi.

Kama wewe ni mkimbizi

Mkopo wa HELB ni wa raia wa Kenya. Uliza ofisi ya UNHCR kuhusu ufadhili wa DAFI, na kuhusu mpango wa WUSC wa kusomea Kanada. Fahamu pia kwamba wakimbizi wengi wanaofanyia mashirika kazi kambini hupokea posho, ambayo ni ndogo kuliko mshahara wa Mkenya wa kazi kama hiyo. Piga hesabu yako kwa posho hiyo, si kwa mshahara unaousikia.

Simu yako inaweza kusaidia

1. Uza mifugo ikiwa na afya, baada ya mvua. Ukingoja kiangazi, bei huanguka. Weka pesa kwenye akaunti ya akiba ya simu, tofauti na pesa za matumizi.
2. Lipa karo kwa paybill rasmi iliyo kwenye barua ya chuo. Weka nambari sahihi ya mwanafunzi, kisha hifadhi ujumbe wa malipo.
3. Usilipie karo kwa mkopo wa simu wa siku 30. Karo ni ya miaka minne, na deni hilo linadaiwa mwezi ujao.
4. Hakuna kazi ya kununua. UNHCR haitozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Mtu akikuomba "pesa ya fomu" kwa nambari yake binafsi, usitume. Ukiwa umeshatuma, piga huduma kwa wateja mara moja, kabla hajazitoa.
5. Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema anatoka HELB.

Leo jioni, chukua karatasi. Upande mmoja andika deni utakalokuwa nalo ukimaliza. Upande wa pili andika mshahara wa kuanzia kwenye yale matangazo kumi. Kama sehemu ndogo ya mshahara huo inaweza kulipa deni na bado ukale, endelea. Kama haiwezi, tafuta chuo cha karibu, au anza na diploma.