Juya, Dema na Uongozi wa Kazini
Msuka, kaskazini mwa Pemba, bahari ndiyo mahali pa kazi kwa watu wengi, na ugomvi wa kazini una sura yake: juya, yaani wavu wa kukokota, likivutwa huzoa dema la mwenzako, yaani mtego wake wa samaki, naye akarudi nyumbani mikono mitupu. Viongozi wengi hukimbilia kukemea. Naona hakutoshi, kwa sababu pande zote mbili zina watoto wa kulisha. Kwa mfano, kisiwani Misali, magharibi ya Pemba, hifadhi ilipotangazwa mwaka 1998, uvuvi ulizuiwa sehemu ndogo tu, wavuvi wakaingizwa kwenye kamati, na mafundisho ya Kiislamu kuhusu amana ya viumbe yakatumika kuwashawishi.

Wapo watakaosema mashauriano huchelewesha kazi. Kweli, huchelewesha. Lakini amri isiyo na mwenyewe huhitaji boti ya doria kila usiku, na mafuta ni ghali. Meneja wa hoteli au ofisi naye yuko katika hali hiyo hiyo: kabla ya kupanga zamu mpya, aulize nani atapoteza nini. Wala kushauriana si ulegevu. Mkikubaliana, adhabu imguse nahodha mwenye boti kubwa sawasawa na mwenye ngalawa.