Wanahisabati wa Karne ya 19: Giuseppe Peano

Giuseppe Peano alizaliwa tarehe 27 Agosti 1858 katika familia ya wakulima kijijini Spinetta, karibu na mji wa Cuneo, kaskazini-magharibi mwa Italia. Mjomba wake, padre aliyeishi Turin, ndiye aliyemchukua akasome mjini. Alihitimu Chuo Kikuu cha Turin mwaka 1880, akabaki hapo kufundisha maisha yake yote.

Jina lake lilianza kuvuma kwa ugomvi. Mwaka 1884 alichapisha kitabu cha kalkulasi kilichotokana na masomo ya mwalimu wake, Angelo Genocchi, aliyekuwa mgonjwa. Kitabu kilitoka kwa jina la mwalimu, naye akakikana hadharani. Hata hivyo, mengi ya maana yaliyomo yalikuwa ya mwanafunzi.

Kazi iliyompa heshima ya kudumu ni kijitabu cha mwaka 1889, alichokiandika kwa Kilatini. Humo alizijenga namba asilia juu ya kanuni chache: 1 ni namba, kila namba ina namba inayoifuata, 1 haifuati namba yoyote, namba mbili tofauti hazifuatwi na namba ileile, na jambo lililo kweli kwa 1, ambalo likiwa kweli kwa namba fulani huwa kweli pia kwa inayofuata, ni kweli kwa namba zote. Mjerumani Richard Dedekind alikuwa ametangulia kutoa mawazo kama hayo mwaka 1888, lakini maandishi ya Peano ndiyo yaliyoenea. Kwa njia hii hata 2 + 2 = 4 huthibitishwa: 2 + 2 ni 2 + (1 + 1), yaani (2 + 1) + 1, ambayo ni 3 + 1, nayo ni 4.

Mwaka 1890 aliwashangaza wenzake kwa mstari usiokatika unaopita katika kila nukta ya mraba.

Katika mkutano uliofanyika Paris mwaka 1900, mwanafalsafa Bertrand Russell alivutiwa na umakini wa Peano, akaomba maandishi yake yote. Alama ya ∈, inayoonyesha kuwa kitu kimo ndani ya seti, ni ya Peano. Lakini darasani alama zake ziliwachosha wanafunzi, na mwaka 1901 aliacha kazi yake ya pili, ya kufundisha katika chuo cha kijeshi cha Turin. Mwaka 1903 alibuni lugha ya kimataifa, Kilatini kisicho na minyambuliko, na toleo la mwisho la mkusanyo wake mkubwa wa kanuni za hisabati, la mwaka 1908, aliliandika kwa lugha hiyo, wasomaji wakapungua.

Alifariki tarehe 20 Aprili 1932 kwa maradhi ya moyo.